Mke Mkubwa wa Wafula Apata Gurudumu la Tatu

Nyinyi vijana wa Katwe mmenizoea vibaya. Nikipita hapo gereji na fimbo yangu mnaniita, "Mzee Shabani, njoo uone," halafu mnanionyesha pikipiki iliyobandikwa taa za buluu mpaka chini ya kiti, honi ya lori, na vioo vya pembeni vyenye ukubwa wa sahani ya pilau. Nami nasema vizuri, vizuri, kwa sababu nililelewa na watu. Leo niacheni niseme la moyoni. Taa ni nzuri. Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia mwenye pikipiki hiyo ni mrefu au mfupi, ana goti bovu au hana, akikaa anainama au ananyooka. Kuiremba pikipiki mnajua. Kuibadilisha imfae mtu ni kazi nyingine, na ndiyo kazi niliyoifanya hadi macho yangu yalipoanza kunionyesha boliti mbili penye boliti moja.

Basi nitawasimulia habari za Mke Mkubwa. Huyo mwenye birika asinipite.

Mke Mkubwa ni pikipiki ya rafiki yangu Wafula, Mkenya wa Bungoma aliyekuja Kampala akiwa kijana, akaingia kwenye boda wakati boda nyingi zilikuwa bado ni baiskeli. Ni ya Kijapani, silinda moja, tangi jekundu, na ina sauti nzito ya kukatakata ambayo ukikaa Kisugu unaitambua ikiwa bado iko Kabalagala. Aliinunua kabla hajaoa. Marehemu mkewe alipoletwa nyumbani mara ya kwanza alikuta pikipiki imelazwa sebuleni, imefunikwa shuka safi, na yeye anaonyeshwa kigoda. Akaitazama, akamtazama bwana harusi, akasema, "Kumbe nimeolewa mke wa pili." Jina likabaki hapohapo.

Urafiki wetu uliletwa na lugha. Mimi ni mtoto wa Kisugu, babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, na nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha kula na cha kulala. Wengine wote hapa mjini mnakiponda tu, msininunie, nawatania. Wafula alikuwa mgeni, Kiganda hakijui, amechoka kuuliza njia kwa vidole. Siku moja akapita kwetu akanisikia nagombana na mbuzi aliyekula kofia yangu. Akasimamisha pikipiki, akasikiliza ugomvi mpaka mwisho, akasema, "Bwana, huyo mbuzi ana bahati, anatukanwa kwa lugha ninayoielewa." Tangu siku hiyo nikamwita Mkenya na yeye akaniita Shabani, bila bwana wala mzee.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Kigundu, pale panapouzwa masufuria sasa. Mtu mfupi, mkali, tumbo limetangulia. Ukimletea pikipiki umwambie ainue usukani, hakugusa chuma. Alikuambia panda, kaa, shuka, tembea nikuone. Kisha alikuigiza. Ukichechemea, anachechemea. Ukikaa umeinama, anapanda pikipiki yako ameinama vilevile, anakwenda nayo mpaka Kibuye na kurudi. Alikuja fundi cherehani mmoja mwenye bega moja lililopanda juu. Kigundu akachukua mto wa kulalia, akaufunga begani kwa kamba, akavaa koti juu yake, akaondoka hivyo katikati ya barabara. Sisi wanafunzi tulijificha nyuma ya mitungi ya gesi tukicheka mpaka tukashikana mbavu. Akarudi, akasema upande mmoja wa usukani urudi nyuma upana wa vidole viwili. Yule fundi cherehani aliendesha pikipiki ile mpaka uzee wake na hakuja kulalamika tena.

Mimi nilicheka, kisha nikasahau. Liwekeni pembeni hilo, tutalirudia.

Kwanza niwaambie la tangi, nisije nikasahau na mtu akaungua. Tangi la mafuta hata likiwa tupu lina mvuke. Lioshe, lijaze maji, ndipo ulichomelee. Mimi nilikuwa na haraka, sikulijaza. Mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo, puh, basi, lakini nyusi zangu ziliondoka zote mbili, na ilikuwa wiki ya kwenda kuposa. Mama mkwe alinitazama muda mrefu, akamnong'oneza shangazi yangu kama ninaugua. Shangazi akasema hapana, ndivyo alivyo. Nikaozwa hivyohivyo.

Jumapili ilikuwa siku yetu. Wafula akitoka kanisani ananikuta nimeshapangusa plagi, kila mtu na pikipiki yake, tunashika barabara ya Jinja. Tunasimama Namawojjolo tunakula kuku wa kuchoma na ndizi za gonja, vidole vinaungua, halafu tunaingia Mabira ambapo ubaridi wa msitu unakupiga kifuani ghafla hata kama jua lilikuwa linawaka. Mafuta yakiwa haba, tulikuwa tunajikokota mpaka juu Muyenga, tunazima injini na kushuka Tank Hill kimyakimya hadi Kisugu, mnyororo tu unalia na Wafula anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya. Niliipenda mno ile hali. Nimeoa, nimezaa, nimekwenda Maka, nashukuru yote, lakini furaha ya namna ile sijaipata tena, na siku nyingine nikiwa nimekaa barazani nikasikia pikipiki inashuka kilima, moyo unanitoka.

Jambo moja tu tulikuwa tunagombania. Mimi sikupanda nyuma ya mtu. Fundi habebwi, nilikuwa nasema, kwa sababu najua watu wanavyofunga breki zao. Hata pikipiki yangu ilipoharibika Lugazi, niliisukuma mpaka nikapata lori, na Wafula anakwenda polepole kando yangu akinionyesha kiti chake cha nyuma kwa kidevu. Aliudhika kweli siku ile. Alisema ninamwona yeye dereva wa kuku.

Na alikuwa na sababu ya kujitetea, kwa kuwa stori ya mama wa nyanya ilikuwa imeshaenea mji mzima. Wafula alikuwa msemaji. Akianza kuongea soko la Owino, anamalizia Kisugu. Siku hiyo alimpakia mama mmoja mnene na kapu lake la nyanya pale Owino, akaondoka kwa nguvu, akaanza kumsimulia habari za siasa za kwao Bungoma. Anauliza, anajijibu, anacheka, anafika Kisugu, anasema, "Mama, tumefika." Kimya. Anageuka, hakuna mtu. Mama wa watu alikuwa bado Owino, amekaa chini katikati ya nyanya zake, wapagazi wamemzunguka wanamsaidia kumtukana dereva. Wafula alirudi akaomba radhi mpaka akapiga magoti kwenye matope.

Tangu hapo hakuondoka bila kuuliza. Ukikaa nyuma yake, kabla hajaachia klachi, anageuza kichwa nusu: "Umeshika?" Usipojibu "nimeshika," haendi. Hata bintiye Nekesa, alipokuwa mdogo anakalishwa mbele kwenye tangi kupelekwa shule, alikuwa anaulizwa vilevile, na kile kitoto kinajibu kwa sauti nyembamba, "Nimeshika, baba," majirani wote tunasikia. Ndiyo ilikuwa saa yetu ya kuamka.

Kisha kiharusi kikampiga Wafula. Kilimkuta anaosha Mke Mkubwa uani, kitambaa mkononi. Mkono wa kushoto ukafa, mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, na maneno yakaenda. Daktari alisema akili ni nzima, macho ni mazima, maneno yapo ndani ila njia ya kutokea imeziba. Mtu aliyeongea peke yake kutoka Owino hadi Kisugu sasa anatikisa kichwa tu. Nilikuwa naenda kumwona kila Ijumaa baada ya swala, naongea mimi, yeye ananitazama, nikitoka njiani nafuta macho kwa kofia.

Nekesa sasa ni mtu mzima, anauza nguo za watoto za mitumba Owino, anaondoka alfajiri na kurudi jioni. Ananiita baba mdogo tangu akiwa mtoto. Jioni moja alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba mdogo, nimekuja na jambo zito."

"Kunywa chai kwanza."

"Chai baadaye. Mwisho wa mwezi nampeleka baba Bungoma, kwa baba mkubwa."

Nikaweka kikombe chini. "Kuna nini?"

"Anaisha. Hospitali kwenye mazoezi ya viungo hataki kwenda. Nikiita boda, anakataa kupanda. Nikiita gari, anakataa. Anasema hapana kwa kichwa, hataki kubebwa. Anashinda kwenye kiti barazani anaitazama ile pikipiki kutwa nzima, chakula ninachomwachia nakikuta vilevile. Kule Bungoma kuna watu nyumbani mchana. Na pikipiki nakuomba uiuze. Hata kwa wa vyuma chakavu. Mimi siwezi tena kumwona anaitazama."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi, baba mdogo. Ndiyo shida yenyewe."

Niliogopa, nawaambia wazi. Marafiki zangu wa barabara ya Jinja wote wameshatangulia isipokuwa huyu. Akienda Bungoma, mara nyingine nitakayomwona ni nikienda kumzika. Nikamwambia, "Nipe huo mwezi. Nikimwezesha baba yako kuiendesha Mke Mkubwa mwenyewe, kwa mkono mmoja, atajipeleka hospitali, na wewe umwache hapa Kisugu. Nikishindwa, nitaikata vipande mimi mwenyewe na stendi nitawasindikiza."

"Aendeshe? Baba mdogo, hiyo si akili."

"Mwulize daktari wake."

Akamwuliza. Daktari akasema kama chombo kitasimama chenyewe na watu wapo, ajaribu mahali pa wazi, polepole. Nekesa akaniletea jibu amekunja uso, lakini akalileta.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Kibanda changu alikirithi Ssalongo, mnamjua, yule baba wa mapacha, zamani mwanafunzi wangu. Mganda safi, Kiswahili chake cha Katwe. Akaizunguka pikipiki.

"Muzee, tutoe hii injini. Tuweke ile ndogo haina klachi ya mukono. Kazi inaisha leo."

"Injini haitoki."

"Kwa nini?"

"Akiisikia sauti ataijua. Hiyo nyingine atakuwa amepanda pikipiki ya mtu."

"Kale, muzee," akasema, yaani haya, kwa namna ya mtu anayemwachia mzee wazimu wake.

Tukaihamisha klachi upande wa kulia, kijiti kifupi cha kusukuma kwa kidole gumba, ili vidole vingine vibaki kwenye mpini wa mafuta. Breki zote mbili tukaziunganisha kwenye mguu wa kulia. Gia tukaiwekea kanyagio la pande mbili, mbele na nyuma, maana mguu unaoburuta hauwezi kuinua lakini uzito wa paja unaweza kukanyaga. Kisha kigari cha ubavuni. Tulikifunga upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara, kama tunavyoendesha huku kwetu. Mabomba yake yalitoka kwenye kitanda chakavu cha hospitali, chuma chepesi na kigumu, na kiti tulikichukua kwenye gari bovu la abiria. Tulinyoosha magurudumu kwa mbao mbili na kamba, kama nilivyozoea. Nikaipanda mwenyewe mpaka Kibuye na kurudi. Ikaenda sawasawa, mtu angeweza kulala. Watu wa masufuria wakatoka kutazama, na mimi nikajinyoosha mgongo.

Tulimpeleka Wafula uwanja wa mpira wa Kisugu Jumapili mchana. Alikataa kushikwa. Akaizunguka Mke Mkubwa mara moja, akagusa tangi, akapanda mwenyewe, akapiga kiki kwa mguu wa kulia. Sauti ilipotoka alifumba macho. Nekesa alikuwa amenishika koti bila kujua.

Akafungua mafuta, na pikipiki ikaenda kushoto. Nilidhani anachezea. Akavuta usukani, ikazidi kushoto, akafungua mafuta zaidi kwa kujitahidi, ikazidi tena, mpaka kigari kikaning'inia juu ya mtaro mbele ya mama anayekaanga mihogo. Hakuumia mtu. Wafula alizima, akashuka, akachomoa ufunguo, akaenda akauweka kwenye kiganja cha Nekesa na kukifunga vidole. Akaondoka kwenda nyumbani anaburuta mguu, na hakuna aliyethubutu kumfuata karibu.

"Umejaribu, baba mdogo," Nekesa akaniambia, akanikabidhi ule ufunguo. "Asante."

Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliiendesha uani Katwe, ikaenda sawasawa. Nikaiendesha tena, sawasawa. Ssalongo akasema, "Muzee, nasema ukweri, hii kitu ni hatali. Balabala itamukataa yule muzee." Nikamwambia anyamaze aniletee chai. Akaniletea nikiwa bado nimekaa juu ya pikipiki, injini inanguruma. Gari la mkaa likataka kupita, likapiga honi. Mimi kikombe mkono wa kushoto, nikaisogeza pikipiki kwa huu wa kulia nimpishe. Ikaruka kushoto ikaparamia sigiri za mkaa alizozipanga jirani, zikabiringika zote, na chai ikanimwagikia kifuani.

Jirani anafoka, Ssalongo anaomba radhi kwa niaba yangu, na mimi nimekaa hapo nimelowa chai nacheka peke yangu. Nilikuwa namwona Mzee Kigundu na mto wake begani. Kigari cha ubavuni kinavuta, siku zote kinavuta upande wake ukifungua mafuta. Dereva mzoefu anairudisha kwa mkono wa pili bila hata kujua kama anairudisha. Mikono yangu ilikuwa inaitengeneza pikipiki kila hatua na haikuniambia. Nimekaa kwenye kazi hii mpaka nimezeeka, na chombo cha mtu wa mkono mmoja nimekipima kwa mikono miwili.

"Ssalongo, lete ile shali yangu. Nifunge huu mkono."

"Banange, muzee. Watu watasema nini?"

"Watacheka. Funga."

Alinifunga mkono wa kushoto kifuani, tukalifunga na goti la kushoto kwa ubao lisikunjike vizuri. Tulifanya hivyo siku nyingi. Watu wa masufuria walileta na viti kabisa. Hapo ndipo pikipiki ilipoanza kunifundisha. Tuliligeuza gurudumu la kigari liangalie ndani kidogo, na pikipiki yenyewe tukaiegemeza nje, kidogo tu, jicho lisione. Tukaweka mfuko wa mchanga kwenye kigari, maana kikiwa kitupu kinanyanyuka ukikata kona ya kushoto. Tukarefusha mpini wa kulia uje karibu na mbavu. Mgongo uliponiuma nikajua mahali pa kuweka egemeo. Honi nayo, fikirini, niliisahau upande wa kushoto, nikaikumbuka nilipokutana na ng'ombe. Hata pua ikiniwasha sikuweza kuikuna bila kusimama, na nilipokuwa nimesimama naikuna nilimfikiria Wafula kwenye kile kiti chake, nikaona haya kwamba Ijumaa zote zile nilikuwa nampa maneno tu.

Mwisho wa mwezi ulifika ukiwa Jumapili. Sikumwambia mtu. Nilivaa kanzu, koti juu, Ssalongo akanifunga mkono, nikaondoka Katwe. Pale Nsambya askari wa barabarani akanisimamisha.

"Muzee, mukono imevunjika?"

"Hapana, afande. Umefungwa."

"Nani alikufunga?"

"Nimejifunga. Kuna mtu nampelekea."

Alinitazama, akatazama kigari na mfuko wa mchanga uliokaa kwenye kiti cha abiria. Akasema, "Pita, muzee, pita," kwa sauti ya huruma, nadhani alijua mimi si wa kuulizwa zaidi.

Nilipoingia Kisugu nilimkuta Wafula barazani. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limezungushwa kamba. Aliisikia pikipiki kabla hajaniona, akageuza uso ukutani. Nikaendesha mpaka mbele ya magoti yake, nikazima.

"Mkenya, geuka. Nimetoka Katwe kwa mkono mmoja. Ona."

Aligeuka. Akaona kanzu imejaa vumbi, ubao gotini, mkono umefungwa shali ya maua ya mke wangu, maana yangu ilikuwa imechanika. Mdomo wake ukaanza kutetemeka upande mmoja. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Sauti ilikuwa ndogo, imepinda, lakini ilikuwa kicheko cha Wafula, na Nekesa akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi kuja kuona kuna nini.

Tukaenda tena uwanjani, yeye kwa miguu yake mbele yetu. Alipopanda, Nekesa akaukumbatia ule mfuko wa mchanga, akautoa, akautupa chini, akaingia yeye kwenye kigari.

"Nekesa, shuka," nikamwambia. "Mchanga unatosha."

"Akianguka, tutaanguka wote."

Wafula akapiga kiki. Ikawaka. Akaweka gia. Kisha hakwenda. Alikuwa amegeuza kichwa nusu, upande wa kushoto, shingo imekaza, mshipa umesimama. Nilidhani ameshikwa tena, nikaanza kusogea. Mdomo ukahangaika, ukafunguka, ukafunga.

"U... meshika?"

Nekesa alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Na Wafula naye hakwenda, alikaa vilevile na kichwa chake nusu, injini inakatakata, anangoja. Mimi nilitaka kumjibia nikaona hapana, si mimi niliyeulizwa.

"Nimeshika, baba," akasema mwishowe, akashika ukingo wa kigari.

Akaondoka. Tulikuwa tumemwelekeza azunguke uwanja mara moja, taratibu, arudi hapa. Akanyoosha. Akapita goli la kwanza. Alipofika kwenye lango alipotakiwa kukunja, alitoka nje. Tukamwona mgongo tu, kisha hatukumwona. Nikabaki na mfuko wa mchanga na ubao gotini, siwezi hata kukimbia. Mama wa mihogo akaniuliza, "Wameenda wapi?" Nikamwambia sijui. Tulikaa tukasikiliza ile sauti ikipanda, nzito, kuelekea Muyenga, ikapotea, na mimi nikawa nasoma kila dua ninayoijua.

Iliporudi, ilirudi kimya. Injini imezimwa, mnyororo tu unalia, wanashuka Tank Hill kwa uzito wao. Nekesa alikuwa na fenesi kubwa mapajani, kilemba kimemteleza, uso umelowa, anacheka. Wakasimama mbele yangu.

"Baba mdogo," akasema, "hiki kigari kinaweza kubeba robota la nguo? Asubuhi, mpaka Owino?"

"Kinabeba robota na wewe juu yake. Na Bungoma?"

Alimtazama baba yake. "Baba mkubwa atakuja kututembelea," akasema.

Wafula aliwasha tena. Kisha akanitazama mimi, akaonyesha kiti cha nyuma kwa kidevu, vilevile kama siku ile ya Lugazi. Nikatazama huku na huku. Ssalongo hayupo, watu wa masufuria hawapo. Nikapandisha kanzu, nikainua ule mguu wenye ubao, na nilipokwisha kukaa ndipo nilipokumbuka kwamba mkono wangu bado umefungwa kifuani, kwa hiyo nilikuwa na mmoja tu wa kumshika Wafula kiunoni. Nikamshika kwa huo. Naye akageuza kichwa nusu, akangoja mpaka nikamjibu.